Vioo kwenye ujenzi wetu wa Mtwara na Lindi: dhana potofu na ukweli

Msimu wa korosho ukilipa, nyumba mpya huchomoza Mtwara na Lindi, na siku hizi nyingi zinataka kioo. Mmoja anataka ukuta wa matofali ya kioo kwenye ngazi, mwingine roshani yenye ukingo wa kioo unaotazama bahari, mwingine duka lenye uso wa kioo kutoka chini hadi juu. Navipenda vifaa hivi na ningependa vitumike vizuri, ndiyo maana baadhi ya maneno yanayozunguka saiti yananiumiza. Watu wanaogopa kioo pasipo na hatari, halafu wanakiamini pasipoaminika. Mara nyingi tatizo haliko katikati ya kioo. Linaanzia pembeni: kwenye mota (udongo wa saruji na mchanga unaounganisha matofali), fremu, bolti, gundi, na boriti iliyo juu yake.

"Bosi, hili nalo ni tofali, linabeba."

Hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Tofali la kioo la kawaida ni nusu mbili za kioo zilizounganishwa kwa moto, na katikati pana uwazi. Kipimo kilichozoeleka ni milimita 190 kwa 190, unene 80. Ukiongeza mota ya milimita 10 unapata 200 kamili, kwa hiyo mita moja ya mraba inakula matofali 25. Linabeba uzito wake na wa wenzake waliopangwa juu yake, basi. Halibebi sakafu, halibebi paa, wala halichukui nafasi ya linta, ile boriti ya juu ya mlango au dirisha.

Hata ile nyumba ya kioo ya Paris, Maison de Verre, iliyokamilika mwaka 1932 chini ya wasanifu Pierre Chareau na Bernard Bijvoet, haikusimama juu ya kioo. Bibi aliyepanga ghorofa ya juu kabisa alikataa kuhama, ikabidi wabomoe chini yake na kuiacha ghorofa yake mahali pake, imeshikwa na nguzo za chuma. Nguzo hizo ndizo zilizobeba. Kioo kilileta mwanga. Yapo matofali ya kioo yanayobeba kweli, kama yale ya duka la Amsterdam lililofunguliwa mwaka 2016, lakini hayo ni kioo kigumu kisicho na uwazi ndani, yameunganishwa kwa gundi maalumu na kufanyiwa majaribio mengi chuo kikuu. Usiyachanganye na unayoyaona dukani.

Kuna nyumba ya ghorofa Mtwara mjini ambako fundi alipanda na matofali ya kioo hadi yakagusa boriti, akajaza mota juu na kukwangua vizuri. Kwa macho, kazi ilikuwa safi. Lakini boriti ya zege hushuka kidogo ikishabebeshwa mzigo, na kioo hupanuka jua linapokipiga. Vyote viwili vikakutana pasipo na nafasi. Ufa ulianzia kona ya juu kushoto, ukakata uso wa tofali la pili kama uzi, kisha ukafuata mota hadi usawa wa kiuno. Ukipitisha kidole hapo, mota inadondoka unga.

Kazi sahihi huacha nafasi ya angalau sentimita moja juu na pembeni, ikawekwa sponji laini na kufungwa kwa silikoni, ili ukuta upumue. Chini hupakwa lami kwanza. Ndani ya mota hulazwa vyuma vyembamba visivyoshika kutu, vikashikizwa kwenye ukuta wa pembeni. Mota yenyewe iwe nzito kuliko ile ya matofali ya saruji, kwa sababu kioo hakinywi maji. Ukiilegeza, tofali linaogelea na kozi (mistari ya matofali) zinapinda. Usipandishe ukuta mzima siku moja. Na mchanga wa ufukweni, hata kama uko mlangoni kwako, usiuguse: chumvi yake itakula vile vyuma kabla hujamaliza kulipa deni la nyumba.

"Ndani lina hewa, kwa hiyo linazuia joto."

Nusu ni kweli. Ule uwazi hupunguza joto linalopenya kwa kugusana, na tofali la kioo hulishinda dirisha la kioo kimoja. Lakini joto letu kubwa halipiti kwa njia hiyo, linakuja ndani ya mwanga wenyewe. Tofali la kioo lisilo na rangi hupitisha kama robo tatu ya mwanga. Mwanga ule unapiga sakafu na kuta, unageuka joto, na joto hilo halitoki kwa urahisi kupitia kioo. Halafu tofali la kioo halifunguki.

Kwa hiyo swali la kwanza ni ukuta unatazama wapi. Mtwara iko nyuzi kumi na kidogo kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena baada ya tarehe 20 Februari. Kati ya tarehe hizo liko upande wa kusini, na miezi mingine yote liko kaskazini. Kuta za kaskazini na kusini unaweza kuzikinga kwa paa lililochomoza, kwa sababu adhuhuri jua huwa juu. Ukuta wa magharibi hauna kinga hiyo: saa kumi jioni jua linaingia chini ya paa na kulala sebuleni. Ngazi inayotazama magharibi, iliyojengwa kioo kitupu, inakuwa tanuri. Mimi siipitishi bila kivuli cha nje, kiwe cha mti au cha ukuta wa matofali ya matundu.

Na matundu hayo ndiyo suluhisho letu la siku zote. Kozi mbili za matofali ya matundu juu ya kioo, au dirisha la luva upande unaopokea kusi, litatoa hewa moto. Waliojenga Mikindani na Kilwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa walitumia kuta nene. Sisi tukichagua kioo, kivuli na upepo tuvipange kabla ya kuchimba msingi.

"Kioo kilichokazwa hakivunjiki."

Kinavunjika. Kioo hiki hupashwa moto zaidi ya nyuzi 600, kikapulizwa hewa baridi ghafla, nyuso zake zikabanwa na kiini chake. Kinakuwa na nguvu mara nne au tano kuliko kioo cha kawaida, lakini ukikigonga ukingoni kwa ncha ya chuma, kipande chote kinageuka kokoto kwa mpigo mmoja. Pia hakikatwi wala kutobolewa baada ya kukazwa. Vipimo na matundu ya bolti vinakamilishwa kiwandani. Fundi akikuambia atakipunguza hapahapa saiti, ama hajui, ama kioo hicho hakijakazwa.

Kwa ukingo wa roshani, kukaza peke yake hakutoshi. Kikipasuka, mtoto aliyekiegemea hana tena kitu mbele yake. Panatakiwa vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati, ili kimoja kikivunjika kingine kisimame na vipande vibaki vimeshikwa. Ni vizito: vioo viwili vya milimita 10 ni kilo 50 kwa kila mita ya mraba, na uzito huo unashuka kwenye bolti na zege la ukingo. Hapo mhandisi wa miundo si gharama ya kukwepa.

"Vimbunga si vya huku."

Wazee wa Lindi hawasemi hivyo. Mji huo ulipigwa na kimbunga Aprili 1952. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Upepo wa kilomita 144 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100, na upande wa pili wa nyumba huvuta kioo kwenda nje. Duka lenye uso wa kioo wa mita 3 kwa 4 linapokea zaidi ya tani moja. Unene wa kioo unatokana na hesabu hiyo.

"Chuma cha pua hakishiki kutu, na silikoni ni silikoni."

Karibu na bahari, chuma cha pua cha daraja la 304 hutoa madoa ya kahawia mapema, omba cha daraja la 316. Silikoni yenye harufu ya siki ni ya kazi ndogo ndogo. Huumana na saruji na hula baadhi ya metali, haishikilii kioo cha ukuta wa nje. Ipo silikoni ya miundo, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na hubandikwa mahali pasipo vumbi, juu ya uso uliosafishwa.

"Tofali la kioo lenye mawimbi linaficha kila kitu."

Mchana ndiyo. Usiku, taa ya bafuni ikiwaka, anayesogea karibu na ukuta huonekana kivuli chake chote kwa nje. Weka taa ya bafuni karibu na ukuta wa kioo, isiwe nyuma ya anayeoga, au panga bomba la kuogea mbali nao.