Kwa nini kamera kubwa ya filamu huonyesha dunia kichwa chini miguu juu?

Ukimkuta mtu amejifunika kitambaa cheusi hadi mabegani, ameinama nyuma ya sanduku lililosimama juu ya miguu mitatu, usidhani anakimbia jua. Anatazama kioo. Kioo chenyewe hakizidi kiganja kilichokunjuliwa, kimekwaruzwa makusudi hadi kikawa na ukungu, na juu yake kuna picha hai: miti inaning'inia kama popo, mawingu yako chini, na mpita njia anayeelekea kulia anaonekana akienda kushoto. Kitambaa ni cha kuzuia mwanga wa nje, maana picha hiyo ni hafifu na jua kidogo tu linaifuta. Kila ninayemkaribisha aingize kichwa humo huuliza lilelile: mbona imepinduka?

Imepinduka kwa sababu mwanga hausafiri kwa kupinda. Ule unaotoka kileleni mwa mti unashuka kuelekea lenzi, unapita, na unazidi kushuka mpaka sehemu ya chini ya kioo. Ule wa shinani unapanda, na hivyo unaishia juu. Wa kulia na wa kushoto nao wanapishana palepale. Ibn al-Haytham alilieleza jambo hili katika karne ya 11, tena bila lenzi. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu lililoingiza mwanga mahali penye giza, na kila taa ikatoa doa lake upande wa pili. Alipoiziba taa moja, doa lake peke yake likatoweka. Miali ilipita tundu moja kwa wakati mmoja bila kuchanganyika.

Kwa hiyo kamera zote hupindua, na hata jicho lako linapindua hivi sasa unaposoma, ila ubongo umeshazoea. Simu hunyoosha picha kwa hesabu za ndani. Kamera za filamu za kawaida, zile za milimita 35, nyingi zina kioo cha kuakisi na kipande cha kioo chenye pembe juu yake, vinavyoigeuza picha kabla haijafika jichoni. Kamera kubwa haina chochote cha namna hiyo. Mbele kuna lenzi, nyuma kuna kioo cha ukungu, na katikati ni mfuko mweusi unaokunjuka kama kodiani. Basi. Unapokuwa tayari kupiga, unaingiza kasha la filamu nyuma, nayo filamu inakaa palepale kilipokuwa kioo. Ulichokiona ndicho filamu itakachopokea.

Filamu yenyewe haiko kwenye mkanda. Ni vipande, kimoja kwa kila picha, na kipimo kinachopendwa zaidi ni inchi 4 kwa 5. Ukilinganisha na picha ya milimita 24 kwa 36 ya kamera ndogo, eneo lake ni karibu mara 15. Ndiyo maana ukiikuza picha hiyo ukubwa wa ukuta, bado utahesabu majani. Vipande hupakiwa kwenye kasha gizani kabisa, bila hata taa nyekundu, na hapo vidole ndivyo vinavyoona: pembeni mwa kila kipande kuna pengo dogo lililokatwa, na ukikishika kikiwa wima, pengo likiwa juu kulia, basi upande unaopokea mwanga unakutazama wewe. Mara ya kwanza nilifanya zoezi hilo nimefumba macho, kwa kipande kilichoharibika, jioni nzima. Nakushauri ufanye hivyohivyo.

Mfuko huo unaokunjuka una faida yake: lenzi inabaki huru. Unaweza kuipandisha bila kuinua kamera, jengo refu likaingia lote na kuta zake zisionekane zikiegemeana. Unaweza pia kuiinamisha mbele, na hapo ndipo kioo cha ukungu kinapokuwa na raha. Mawe yaliyo miguuni pako na mlima ulio mbali, ambavyo kwa kawaida haviwezi kuwa vikali pamoja tundu la lenzi likiwa wazi, vinaanza kung'aa kwa pamoja, huku ukiinamisha nyuzi chache tu. Kanuni yake inaitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, Mwaustria aliyeitumia mwanzoni mwa karne ya 20 kunyoosha picha zilizopigwa kutoka angani.

Lakini mahali pamoja kutumiwa na kioo na filamu kuna mtego wake. Ili uone, lenzi lazima iwe wazi kabisa, tuseme f/5.6 (hiki ni kipimo cha tundu la lenzi: namba ikikua, tundu linapungua). Ili upige, unafunga kilango, yaani kile kinachoruhusu au kuzuia mwanga kwenye lenzi, unabana tundu hadi f/32, ambapo mwanga unaopita ni takriban sehemu 1 ya 32 ya ule wa mwanzo, unaingiza kasha, ndipo unachomoa kifuniko chake. Ukisahau kufunga kilango kabla ya kuchomoa, filamu imekwisha. Mimi nimesahau si mara moja wala mbili, na siku ile iliyoniuma zaidi ukungu ulikuwa umetulia bondeni kwa dakika kama tatu hivi. Nilipokumbuka kilango, kifuniko kilikuwa tayari mkononi.

Je, kupinduka kunasumbua? Wiki za kwanza, sana. Unasogeza kamera kulia, picha inakimbilia upande usioutarajia. Baadaye jicho linaacha kuona "mti" na "nyumba", linaona weusi na weupe, uzito na nafasi tupu. Tawi linaloingilia pembeni, ambalo ungelipita bila kulijali picha ikiwa imesimama, hapo linakuchoma jicho. Kuna wanaofunga kifaa cha kuakisi nyuma ya kamera ili picha isimame wima. Nilikiazima mara moja nikakirudisha siku ya pili, kwa sababu nilianza tena kutazama mandhari badala ya picha.

Filamu ikishasafishwa na kuning'inizwa ikakauka, unaishika pembeni, unaielekeza dirishani. Bado mti uko chini juu. Unaizungusha nusu duara kwa vidole viwili, na mti unasimama.