Kufukua au Kufufua: Maana ya Kuurudisha Uzi wa Zamani

Herufi moja tu inatenganisha fukua na fufua. Kufukua ni kuchimba na kutoa kilichozikwa. Kufufua ni kurudisha uhai. Mtu anayeandika chini ya mjadala wa mtandaoni ulionyamaza miaka mitatu au saba huwa anafanya mojawapo ya haya mawili, na mara nyingi hajui ni lipi mpaka watu waanze kumjibu.

Tuanze na maneno yenyewe. Uzi ni mjadala mmoja wenye mwanzo wake: mtu ameuliza au ameeleza jambo, wengine wakafuatana chini yake, jibu baada ya jibu, kama shanga zinavyotungwa. Uzi ukikaa muda mrefu bila mtu kuongeza neno husemwa umelala, au umekufa. Anayekuja baadaye na kuandika tena chini yake huambiwa amefukua kaburi. Msemo huu umezoeleka sana kwenye majukwaa ya Kiswahili ya Tanzania, na Wakenya tunaopita huko tumerudi nao nyumbani. Kiingereza nacho kina neno lake kwa kitendo hiki, lililojengwa juu ya mzizi wa Kigiriki wenye maana ya maiti. Kwa hiyo wazo la kaburi si letu peke yetu.

Ila kwa watu wa magharibi ya Kenya msemo huo unaingia ndani zaidi. Kuanzia Kisumu hadi Kakamega na Bungoma, makaburi mengi yako ndani ya boma, hatua chache kutoka mlangoni. Unayapita ukienda kuchota maji. Kumfukua aliyezikwa si jambo la mtu mmoja kuamka na jembe. Kuna kibali cha sheria, kuna wazee, kuna familia yenyewe. Ndiyo maana naupenda msemo huu: unamkumbusha mtu kwamba hapo anapotaka kuchimba, kuna wenyewe.

Kwa nini neno moja jipya lilete taharuki? Sababu kubwa ni jinsi mitambo ilivyoundwa. Majukwaa mengi hupanga nyuzi kwa kufuata jibu la mwisho, si siku uzi ulipoanza. "Asante" moja inatosha kuubeba uzi wa 2014 kutoka chini kabisa na kuuweka juu ya ule ulioandikwa asubuhi hii. Walioshiriki zamani hupata taarifa kwenye simu zao, na msomaji mwenye haraka haangalii tarehe. Makundi ya Facebook yana tabia hiyo hiyo, komenti mpya huweza kuipandisha posti iliyosahaulika. WhatsApp haina nyuzi za kupanda na kushuka, lakini ina kunukuu: unagusa ujumbe wa zamani, unaujibu, na kipande chake kinatokea chini kabisa pamoja na jina la aliyeuandika. Tarehe haimo katika kipande hicho.

Tarehe hiyo isiyoonekana niliwahi kuona ikiumiza mtu, kwenye kundi la watu wa nyumbani walioko Kisumu. Kulikuwa na ujumbe wa kuomba damu kwa ajili ya mtoto aliyelazwa hospitalini. Jioni moja mwenzetu aliyekuwa akipitia jumbe za nyuma aliuona, moyo ukamshika, akaujibu: "Bado inahitajika? Niko karibu." Basi watu wakausambaza. Vijana wawili wakapanda boda boda hadi hospitalini. Wengine wakaanza kuuliza namba ya wodi. Ujumbe ule ulikuwa wa miaka miwili nyuma, na mtoto alikuwa ameshazikwa. Mama yake alikuwa bado ni mwanachama wa kundi. Alisoma yote, saa nzima, maswali ya wodi na pole za haraka haraka, kabla shangazi yake hajaandika kueleza. Aliyeanzisha alikuwa na nia njema kabisa, tena ndiye aliyelia zaidi alipojua. Tangu siku ile siamini kwamba nia njema inatosha.

Madhara mengine ni ya polepole na hayaonekani. Chukua neno viwavijeshi. Kabla ya 2017 mkulima wa Trans Nzoia au Busia akilitaja alimaanisha kiwavi wetu wa siku zote, anayetembea kwa makundi na kula majani waziwazi kama jeshi linalopita. Mwaka 2016 kiwavi mwingine, asili yake bara la Amerika, aliripotiwa Afrika Magharibi, na kufikia 2017 alikuwa ndani ya mahindi yetu huku magharibi ya Kenya. Naye akaitwa kiwavijeshi, ila vamizi. Tabia zao ni mbali kabisa. Huyu mgeni hujificha ndani kwenye moyo wa mhindi, akiacha uchafu wake unaofanana na unga wa mbao, na dawa inayopuliziwa majani ya nje haimfikii alipo. Sasa mtu anaandika "viwavijeshi" kwenye kitafutio, anapata uzi wa 2013 wenye majibu ishirini mazuri, anauliza swali lake chini yake, na anayemjibu anadhani wanaendelea na mnyama yule yule. Jina ni moja, wadudu ni wawili, na msimu mzima unapotea kati yao. Katika hali kama hiyo ni heri kuanzisha uzi mpya, ueleze unachokiona shambani leo, kisha uweke kiungo cha ule wa zamani kwa anayetaka kusoma historia.

Kuna na suala la namba za simu. Uzi wa mtu aliyekuwa akiuza mtamba Molo mwaka 2016 unaweza kuwa bado una namba yake, na mtu anauliza, "Bei bado ni hiyo?" Kampuni za simu hugawa upya laini zilizolala muda mrefu. Namba iliyokuwa ya mfugaji mwaminifu huenda leo iko mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kufuga hata kuku, na ukiitumia pesa kwa M-Pesa kabla ya kuongea na kumjua mtu, ni shauri yako. Bei za zamani sina haja ya kuzieleza.

Lakini hayo yote ni upande wa kufukua, na mimi nimeandika makala hii zaidi kwa ajili ya upande wa pili.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Uzi wa zamani mara nyingi ni nyumba yenye mgonjwa ndani: swali liliulizwa, watu wakabahatisha, kisha kimya. Aliyeuliza hakurudi kusema kama alipona. Kila anayefika baadaye kwa njia ya kitafutio anasoma ubashiri wa watu na kuondoka mikono mitupu. Anayekuja na jibu la kweli, hata baada ya miaka kumi, anawatibu wote waliowahi kupita hapo na watakaopita.

Katika kundi la wakulima wa viazi wa Njoro na Molo ninalolifuata, mama mmoja aliuliza kwa nini viazi vyake vinanyauka vikiwa bado kijani, tena udongo una unyevu. Alipewa majina ya dawa kama sita hivi. Uzi ukalala. Miaka minne baadaye alirudi mwenyewe. Alianza kwa kusema, "Hili ni swali langu la siku nyingi, nimerudi kulifunga." Akaeleza kwamba aliambiwa akate shina karibu na udongo, alitumbukize kwenye glasi ya maji safi na asubiri. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama maziwa zikaanza kushuka kutoka kwenye mkato. Huo ni mnyauko wa bakteria, na hauna dawa ya kupuliza. Bakteria hukaa udongoni na kwenye mbegu. Alichofanya ni kuling'oa shamba, kupanda mahindi na nyasi za mifugo kwa misimu kadhaa, na kurudi na mbegu zilizothibitishwa. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna aliyelitaja kwenye majibu yote ya mwanzo: katika msimu wake wa kwanza wa kupumzisha shamba alipanda managu, mboga ya majani ya kienyeji, na ugonjwa haukuondoka, kwa sababu managu ni wa ukoo mmoja na viazi, pamoja na nyanya, biringanya na pilipili.

Nusu ya mashamba madogo ninayoyajua huku yana managu pembeni. Ujumbe ule mmoja ulikuwa na thamani kuliko uzi mzima uliotangulia, na ungeandikwa mahali pengine papya, aliyekuwa akilifuata swali la mwanzo asingeufikia. Huko ndiko kufufua.

Kufufua kwa namna nyingine ni kusahihisha kilichopitwa na wakati. Nyuzi nyingi bado zinaeleza jinsi ya kulipia kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya Kenya, ilhali tangu 1 Oktoba 2024 kazi hiyo imehamia kwa mamlaka mpya, SHA. Kuna nyuzi ambapo mtu aliuliza kama kuna treni ya abiria ya kwenda Kisumu akajibiwa hakuna, na wakati ule lilikuwa jibu sahihi. Treni ilirudi Desemba 2021, baada ya miaka mingi ya reli kukaa bila abiria. Mstari mmoja wenye tarehe chini ya nyuzi kama hizo haumsumbui mtu yeyote. Unamwokoa anayefika leo akiwa na mgonjwa mgongoni au mizigo stesheni.

Basi adabu yenyewe ni ipi? Kwetu mtu hafiki kwenye boma la watu akaketi tu. Hupiga hodi, akajitambulisha, akasema kilichomleta. Uzi wa zamani unataka hodi hiyo hiyo: "Najua mazungumzo haya ni ya 2019. Narudi kwa sababu nimepata jambo jipya." Sentensi mbili tu, na hakuna atakayedhani ni habari ya leo. Kabla ya hodi, usome uzi hadi mwisho, kwa sababu huenda jibu lako lilishatolewa ukurasa wa tatu. Na kama aliyeuandika alikuwa katika msiba, ugonjwa au deni, mwulize kando, kwa ujumbe wa faragha, au umwulize mtu wa karibu naye. Usimfungulie jeraha barazani.

Kanuni za kila mahali hazifanani, na ni vizuri kuzisoma. Programu ya majukwaa iitwayo Discourse humtolea onyo anayetaka kujibu mada iliyolala muda, imwulize kama ana hakika. Stack Overflow, wanakokutana waandishi wa programu za kompyuta, wao humpa nishani anayejibu swali lililopita siku 60 na jibu lake likapigiwa kura 5 au zaidi. Mahali pamoja ni tahadhari, mahali pengine ni heshima, na zote zina maana kwa wenyewe: palipo na gumzo la siku, yaliyolala hubaki yamelala, palipo na hazina ya maarifa, kila jibu jipya ni akiba.

Kinachoniuma ni namna wenyeji wanavyowapokea wageni. Kijana anajiunga na kundi, anauliza swali. Anaambiwa kwa ukali atafute kwanza, limeshajibiwa. Anatafuta, anaupata uzi, anauliza chini yake alipokwama. Anaambiwa tena, "Mbona unafukua makaburi?" Aende wapi sasa? Nimewaona watu wakinyamaza moja kwa moja baada ya kujibiwa hivyo, na baadhi yao walikuwa na shida za kweli, ng'ombe anayekufa au mtoto anayetafuta shule. Admini mwenye busara hapo humjibu kwanza, kisha ndipo amwelekeze kwa upole mahali pa kuandika siku nyingine.

Ukali nauhifadhia jambo moja tu. Kila msimu wa uchaguzi, kuna watu wanaorudi nyuma kwenye nyuzi za miaka ya nyuma, wanatoa maneno ambayo mtu aliyaandika kwa hasira, wanayapiga picha bila tarehe na kuyatupa kundini kana kwamba yamesemwa jana. Nakuru inakumbuka machafuko ya baada ya uchaguzi ya Januari 2008. Kisumu nayo inakumbuka. Maneno ya aina hiyo yakirudishwa bila siku yake wala muktadha wake hayafukui kaburi tu, yanachimba jipya, na admini anayeyaona ayaondoe kabla ya kuuliza ni ya nani.

Kundi letu la Kisumu halikuvunjika baada ya jioni ile. Lilijiwekea desturi, na mama yule mwenyewe ndiye aliyeipendekeza, miezi kadhaa baadaye, kwa ujumbe mfupi. Kila tangazo la damu, mchango au mtu aliyepotea linaanza na tarehe, mstari wa kwanza kabisa. Na jambo likiisha, kwa heri au kwa huzuni, aliyelitangaza anarudi, analinukuu tangazo lake na kuandika chini yake: limekwisha, na siku lilipokwisha.