Moto haumalizi miwati

Huku Moshi, ukipanda juu kuelekea msituni, utawasikia wazee wakishauri: miti ya miwati ikikusumbua, fyeka, rundika matawi, piga kiberiti, kazi imekwisha. Wanasema kwa nia njema kabisa. Lakini moto huo ndio unaoizalisha upya.

Asili ya mti huu ni kusini-mashariki mwa Australia. Uliletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya magome yake, yenye tanini ya kutengenezea ngozi. Pasua ganda lake lililokauka uone: mbegu ndogo, nyeusi, ngumu kama changarawe. Maji hayapenyi kirahisi, ndiyo maana zinaweza kukaa ardhini hata miaka 50 zikiwa hai. Joto la moto hulegeza gamba hilo, na mvua ikinyesha unakuta miche imesongamana kama mchicha kitaluni. Miti yetu ya asili, kama mringaringa na msesewe, inayochipua chini yake hukosa mwanga. Inaniuma, maana msesewe ndio huo ambao magome yake huitia mbege, pombe yetu ya ndizi, uchungu wake.

Dawa yenyewe inachosha. Kata mti kabla haujazaa, kisha bandua gome la kisiki lote mpaka ardhini, usichipue. Miche ing'oe kwa mkono udongo ukiwa bado umelowa, mzizi utoke mzima. Rudi masika, rudi vuli, mwaka hadi mwaka. Na pale ulipong'oa panda miti ya asili upesi: miwati michanga hupenda jua, kivuli huidumaza.