Unauliza ardhi, au unauliza miti?

Swali la kwanza nililouliza nilipofika kisiwani Nusalaut, Indonesia, lilikuwa la kijinga, ingawa ndilo nililosomea. Niliuliza shamba la mikarafuu nyuma ya kijiji ni la nani. Bibi aliyenipokea nyumbani kwake, ambaye kijiji kizima humwita Oma, neno la Kiholanzi ambalo Wamaluku walilichukua na hawajalirudisha, alinitazama kidogo, kisha akaniuliza: “Unauliza ardhi, au unauliza miti? Na miti ipi?”

Kazi yangu ni mambo ya milki ya ardhi. Nimezaliwa Pemba, nimekulia kwenye kuchuma na kuchambua karafuu, makonyo yamenikwaruza vidole tangu utotoni. Swali lile lilipaswa kunijia mimi kabla yake. Kwetu nako mtu anaweza kuwa na mikarafuu mitano ndani ya shamba ambalo ardhi yake si yake, na hakuna anayeshangaa. Lakini ukishasoma chuo, hati na ramani zinakufanya uone mipaka tu, unasahau kuangalia juu.

Nusalaut ni kisiwa kidogo mashariki ya Ambon, katika mkoa wa Maluku nchini Indonesia. Pamoja na Haruku na Saparua ndivyo viitwavyo visiwa vya Lease. Kina vijiji saba, vyote pwani, na katikati ni vilima vilivyofunikwa na miti. Kufika kwake unateremka pwani ya Tulehu upande wa Ambon, unapanda boti, na kama ni katikati ya mwaka, wakati wa mvua na bahari chafu, unajiombea dua. Kijiji huitwa negeri, na mkuu wake huitwa raja. Jina lisikudanganye ukatafuta taji. Mfikirie kama sheha, ila sheha ambaye cheo chake kinatoka kwenye ukoo.

Kwa mbali vile vilima utasema ni msitu. Ukiingia ndani unaona mkarafuu, mkungumanga chini ya mkenari, mti mrefu wa kokwa kama lozi, mdoriani, minazi, na bondeni kwenye maji misago, mti wa jamaa ya mnazi ambao unga wake ndio ugali wa huku. Hakuna mstari, hakuna ua. Wenyewe huita dusun, na kila mti una mwenyewe. Nimeona ramani za serikali ambazo mahali kama hapa pamepakwa rangi moja ya kijani. Rangi ile imewahi kuwagharimu watu wengi Indonesia, maana kijani ni msitu, na msitu ulihesabiwa kuwa wa dola. Ilibidi Mahakama ya Katiba iamue, mwezi Mei 2013, kwamba msitu wa jamii za jadi si msitu wa dola.

Turudi kwa Oma. Ardhi ya lile shamba, alinieleza, ni dati. Neno hili lina historia mbaya. Zamani za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, kampuni ya biashara iliyotawala huku, watu wa visiwa hivi walilazimishwa kutoa wapiga makasia wa kora-kora, yale mashua marefu ya vita. Dati lilikuwa fungu la watu wa kutoa nguvu hiyo, na fungu likapewa ardhi ya kulia. Mashua yale yakitumwa kwenye misafara iliyoitwa hongi, na kazi yake kubwa ilikuwa kung’oa mikarafuu ya visiwa vingine ili karafuu ibaki Ambon na Lease tu, chini ya jicho la Kampuni. Kwa hiyo babu wa Nusalaut alipiga kasia kwenda kukata miti ya mwenzake, na malipo yake yakawa haki ya kula kwenye miti yake mwenyewe. Misafara ile ilikomeshwa 1824. Dati likabaki, bila makasia, likawa ardhi ya ukoo.

Mwaka 1814, wakati Waingereza wameikalia Ambon kwa miaka michache, dati ziliandikwa kwenye daftari. Mpaka leo watu wakigombana mahakamani hulitaja daftari hilo la 1814. Mimi nilidhani ni kumbukumbu ya makavazini tu, kumbe ni silaha.

Sasa, ardhi ya dati haigawanywi wala haiuzwi na mtu mmoja. Husimamiwa na mkuu wa dati kwa niaba ya ukoo, na wana ukoo wana haki ya kula. Hilo ndilo neno lao hasa: kula, makan. Hawasemi “namiliki shamba lile”, wanasema “sisi tunakula pale”. Mstari wa kiume ukikatika, ardhi hurudi kwa negeri. Binti hula mpaka aolewe, kisha anatazamiwa ale kwa mumewe. Waandishi wengi wa mambo ya mila huipita sehemu hii haraka kama hawakuiona. Mimi naiona ni dhuluma, na Oma, ambaye aliolewa, akafiwa na mume na kurudi nyumbani kwao, anakula kwa hisani ya kaka zake. Hakunificha.

Mti una sheria tofauti na ardhi. Aliyepanda ndiye mwenye mti, na mti huo hurithiwa na watoto wake. Kwa hiyo juu ya ardhi moja ya ukoo kuna mikarafuu ya babu huyu, midoriani ya shangazi yule, na misago ambayo ni ya wote. Asiye na nguvu ya kupiga sago humwachia mwingine aikate na kuisindika, kisha wakagawana unga.

Hapo ndipo linapoeleweka jambo la Wabuton. Hawa ni wahamiaji kutoka visiwa vya kusini-mashariki ya Sulawesi, na wamekaa vizazi kadhaa kwenye ardhi za negeri nyingi za Maluku. Walipewa pa kujenga na pa kulima muhogo na mboga, wakatoa kitu kidogo cha heshima kwa kijiji. Mahali pengi hawakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa kwa nini. Mgeni ukimkaribisha kwako unampa jembe, humpi mche wa mnazi, kwa sababu muhogo unang’olewa mwakani lakini mnazi utashuhudia mahakamani baada ya wewe kufa. Machafuko ya Maluku, kati ya Wakristo na Waislamu, yalipozuka 1999, Wabuton wengi walikimbia, na walioacha nyumba bila mti walikuwa na kitu kidogo sana cha kuonyesha kwamba mahali pale paliwahi kuwa pao.

Nitachepuka kidogo, maana Mpemba hawezi kuandika kuhusu Maluku akanyamaza juu ya hili. Karafuu yetu imetoka huku. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyeandaa safari za kuiba miche Maluku, ikafika Mauritius 1770, ikaenda Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Zanzibar, ambako Sayyid Said aliikuza kwa jasho la watumwa. Karne moja na nusu baadaye mambo yakageuka: Indonesia, nchi yenye asili ya mti huu, ikawa mteja mkubwa wa karafuu za Zanzibar, kwa sababu ya sigara zao za kretek ambazo jina lake ni mlio wa karafuu ikiungua. Nilipomwambia Oma kwamba bibi yangu alichuma karafuu za kuvutwa Java, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Kanga nilimpelekea mimi.

Wao pia walionja ukiritimba kama sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika lililoongozwa na mtoto wa Rais Suharto lilipewa haki ya peke yake ya kununua karafuu, bei ya mkulima ikaanguka, na sehemu nyingi watu wakaziacha ziive mtini. Shirika lilifutwa 1998. Marehemu mume wa Oma, katika miaka ile yote, alipanda kilimani akasafisha chini ya miti asiyoichuma. Nilimuuliza Oma kwa nini. “Mti uliofyekewa chini una mwenyewe,” akasema. “Uliofunikwa na majani, mtu atauliza.”

Habari ya nyumba haikunipa kazi kuielewa. Nyumba ni ya aliyeijenga, kiwanja ni cha ukoo, na ndiyo maana za zamani zilijengwa kwa makuti na mabua ya msago, vitu vya kubomoka. Siku hizi ni saruji na bati, na saruji haihami, hapo ndipo ugomvi wa viwanja ulipoanza. Kuna pia sasi, ufungaji wa mavuno kwa muda. Kuti changa likifungwa kwenye mti wa mpakani, hata mwenye minazi haruhusiwi kuangua nazi zake mpaka sasi ifunguliwe. Vijiji vya Kikristo hutangaza kanisani, vya Kiislamu msikitini.

Kilichonipeleka hasa ni karatasi. Tangu 2017 serikali ya Indonesia inapima na kutoa hati kwa kasi kubwa, kijiji kwa kijiji. Sheria yao ya msingi ya ardhi, namba 5 ya 1960, si mbaya. Imejengwa juu ya mila, inatambua haki ya jamii pale inapoendelea kuwepo, na inakubali kwamba kilicho juu ya ardhi kinaweza kuwa na mwenyewe tofauti na ardhi. Kwa maandishi, basi, Oma na sheria wanasema kitu kimoja. Lakini fomu ya mpimaji ina mstari wa jina, mipaka na eneo. Haina mahali pa kuandika mkarafuu.

Na kuna watu ambao fomu haiwezi kuwaandika kabisa. Mwaka 1951 Wamaluku wapatao 12,500, askari wa jeshi la kikoloni la Uholanzi na familia zao, walipelekwa Uholanzi kwa muda, na muda ule haujaisha. Wajukuu wao wengi ni raia wa huko. Kwa mila, wakija msimu wa karafuu, wanakula kama wengine. Kwa kifungu cha 21 cha sheria ile, milki kamili ni ya raia wa Indonesia, na mgeni akirithi anatakiwa aiachie ndani ya mwaka mmoja. Ndugu wawili wa babu mmoja, mti mmoja, na bahari kati yao imempa mmoja haki na mwingine likizo. Wapemba wenye jamaa Muscat wataelewa bila ya mimi kuendelea.

Wapimaji walipokaribia kufika kijijini, mkuu wa dati alikuja barazani kwa Oma na kuniuliza, kwa kuwa mimi ndiye msomi, waandike jina la nani. Kaka mkubwa? Raja? Nilimwambia waandikishe viwanja vya nyumba, kwa kuwa hapo pana ugomvi na karatasi itausuluhisha, lakini dusun wasiiweke kwa jina la mtu mmoja hata kama ni mcha Mungu, kwa sababu watoto wake hawajulikani watakuwaje. Waandike kwanza orodha yao wenyewe: mti, aliyepanda, wanaokula.

Walianza jioni ile ile, kwenye daftari la shule la mjukuu. Mpaka naondoka walikuwa wamefika mti wa 212, na wawili hawasemezani kwa sababu ya mdoriani.