Je, wajua kwa nini tufaha la Machi bado ni gumu Desemba, na zabibu haiwezi?

Ikifika Desemba, tufaha la kijani, lile la Granny Smith, bado linakatika kwa kishindo kwenye meza za Kariakoo na Marikiti. Mengi hutoka Afrika Kusini, na kule Granny Smith huchumwa Machi na Aprili. Hesabu inafika miezi minane au tisa tangu litoke mtini. Papai lililochumwa wiki hiyohiyo lilishaoza, likatupwa na kusahaulika. Kwa hiyo jibu la mtaani huja haraka: yamepakwa dawa. Anayejiona mjuzi zaidi atasema ni nta, na atakuonyesha video ya mtu akikwangua ganda kwa kisu mpaka vumbi jeupe linadondoka. Wapo wanaotaja hata dawa ya kuhifadhia maiti.

Tuanze na nta, kwa sababu ipo kweli. Tufaha hutengeneza nta yake lenyewe likiwa bado mtini, na ndiyo maana ukilisugua kwa shati linang'aa bila kupakwa kitu. Kwenye kiwanda cha kufungashia, matufaha huelea kwenye maji, hupita chini ya brashi, na sehemu ya nta hiyo hutoka. Baadhi ya wafungashaji huirudisha kwa kunyunyizia nyingine: ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa Brazili ulio jamii moja na minazi, au ya shelaki, inayotokana na utomvu wa wadudu. Ni utando mwembamba sana, na si wanunuzi wote wanaoutaka. Nta ikikwanguliwa huonekana nyeupe, iwe ya kupakwa au ya tunda lenyewe. Video ile, basi, inathibitisha kwamba ganda lina nta, jambo ambalo hata tufaha la Njombe lililochumwa asubuhi ya leo lingethibitisha.

Kazi ya nta ni kupunguza maji yanayotoka na kuvutia jicho. Kuiva haizuii. Acha tufaha lenye nta mezani kwa wiki kadhaa katika joto la Dar es Salaam: ganda litaendelea kung'aa na ndani litakuwa ungaunga. Mng'aro na ugumu ni mambo mawili, na wauzaji wengi wamenufaika na wateja wasioyatofautisha.

Kuhusu dawa, jibu la haki ni ndiyo, lakini. Viuakuvu hutumika baada ya mavuno kuzuia uozo, na nchi zinazoagiza huweka ukomo wa mabaki yanayoruhusiwa. Granny Smith, ambalo ganda lake huelekea kugeuka kahawia ghalani, kwa miaka mingi lilichovywa kwenye dawa iitwayo difenilamini. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulishusha ukomo wa mabaki yake hadi miligramu 0.1 kwa kilo, kiwango ambacho tufaha lililochovywa haliwezi kukifikia. Waliouza Ulaya wakaacha kuchovya, na Granny Smith halikuadimika. Hakuna kati ya dawa hizi inayoweza kulishikilia tunda miezi tisa peke yake.

Kuna na chanzo kingine cha kuchanganyikiwa, na hiki kinawapata hata wafanyabiashara: tarehe iliyopigwa kwenye katoni. Hiyo kwa kawaida ni tarehe ya kufungasha, wala si ya kuchuma. Matufaha hukaa ghalani ndani ya makasha makubwa ya mamia ya kilo, na hufungashwa mnunuzi anapoagiza. Katoni ya kilo 18 hivi, yenye matufaha 120 au 150, inaweza kusoma Septemba huku mzigo wake uliagana na shamba Machi. Kibandiko kidogo kwenye tunda nacho hakisaidii: namba yake ya tarakimu nne inataja aina na ukubwa, haitaji siku.

Sasa, kinachofanyika hasa. Tufaha lililochumwa halijafa. Linavuta oksijeni, linaunguza akiba yake, linatoa kaboni dioksaidi, maji na joto. Lifikirie kama jiko la mkaa usiku. Ukiliacha mlango wazi, mkaa umekwisha kabla ya alfajiri. Ukiziba mlango na kufukia kaa kwenye majivu, moto hauzimiki, unajinyima tu. Asubuhi unafukua na kaa bado ni jekundu. Mkaa wa tufaha ni wanga, sukari na asidi. Baridi, karibu nyuzi sifuri za Selsiasi, chini au juu yake kidogo kulingana na aina, hupunguza kasi ya kuungua. Kuziba mlango ni kazi ya hewa: hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21, na kwenye ghala la matufaha hushushwa hadi asilimia 1 au 2.

Na kama jikoni, majivu yakizidi moto unazima. Oksijeni ikishuka kupita kiasi, tunda huanza kuchachuka na kutoa ladha ya pombe. Kaboni dioksaidi ikirundikana, nyama hugeuka kahawia kuzunguka kokwa na ganda halionyeshi lolote. Mnunuzi hugundua akishakata. Matufaha ya aina ya Fuji na Braeburn ni mepesi kuumia hivyo. Maghala ya kisasa hufunga vihisi juu ya sampuli ya matufaha, vikipima mwanga hafifu unaotolewa na klorofili ya ganda. Oksijeni hushushwa mpaka ganda litoe ishara ya kubanwa, kisha hupandishwa kidogo na kuachwa hapo. Ni kweli: chumba kizima, mamia ya tani, kinaendeshwa kwa kuuliza ganda la matunda machache kama bado yanapumua vizuri.

Ujuzi huu si wa jana. Franklin Kidd na Cyril West waliuchunguza Cambridge kuanzia mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza, na ghala la kwanza la kibiashara la aina hii lilifunguliwa Kent, Uingereza, mwaka 1929.

Chumba chenyewe hujazwa upesi na kupozwa, kisha mlango hufungwa usipitishe hewa. Mtambo husukuma naitrojeni ndani ili kufukuza oksijeni, na matufaha humalizia yaliyobaki kwa kupumua. Kaboni dioksaidi hunyonywa kwa chokaa au kaboni maalumu. Binadamu akiingia humo bila mtungi wa hewa hupoteza fahamu kabla hajaelewa kosa, ndiyo maana milango ina kufuli na maandishi ya hatari. Sampuli hutolewa kupitia kidirisha kidogo.

Lakini ghala haliwezi kuokoa tunda lililochumwa kwa kuchelewa. Tufaha hutoa gesi ya ethilini, ndiyo inayoliivisha, na ethilini kidogo huchochea nyingine nyingi. Msururu huo ukishaanza, kuurudisha nyuma hakuna. Kwa hiyo shambani hufanywa kipimo kimoja kizuri kukitazama. Tufaha hukatwa katikati kwa upana, uso uliokatwa huchovywa kwenye maji ya iodini, na baada ya dakika chache penye wanga panakuwa peusi tii, penye sukari panabaki peupe. Weupe huanzia kwenye kokwa ukatanuka kama ua kuelekea ganda. La kwenda ghala la muda mrefu huchumwa sehemu kubwa ikiwa bado nyeusi. Likishakuwa jeupe kote, huuzwa sasa hivi. Pamoja na hilo, ugumu hupimwa kwa kusukuma chuma chenye kipenyo cha milimita 11 ndani ya nyama.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 pameongezeka gesi iitwayo 1-MCP. Huachiliwa chumbani kwa saa zisizozidi 24 hivi, chini ya sehemu moja kwa milioni ya hewa, na hukalia nafasi ambazo ethilini ingeshika kwenye chembe za tunda. Tufaha likitoa ethilini, halijisikii. Hii nayo ni dawa, ukitaka kuiita hivyo, na ndiyo iliyo karibu zaidi na uvumi wa mtaani, ingawa haina uhusiano na maiti. Gharama ya yote haya ni harufu: tufaha lililobanwa hewa miezi mingi hubaki gumu na tamu, ila manukato yake hupungua.

Zabibu haina bahati hii, na sababu si udhaifu wa teknolojia. Zabibu haiwi na akiba ya wanga ya kugeuza sukari. Siku inapokatwa, utamu umefika mwisho wake. Iliyokatwa ikiwa chachu itabaki chachu hata ikae mwezi. Mkulima wa bonde la Hex River, Afrika Kusini, huminya tone la maji ya zabibu kwenye refraktomita, kifaa cha kupimia sukari, akisubiri Briksi 16 (kipimo cha sukari hiyo) au zaidi kulingana na aina. Punje zenyewe hupumua polepole tayari, hivyo kubana oksijeni hakuongezi mengi. Maadui wake ni wawili: kikonyo kinachokauka na ukungu wa kijivu, Botrytis cinerea, unaoweza kukua hata kwenye nyuzi hasi 0.5. Kaboni dioksaidi nyingi inaudhibiti ukungu huo, lakini huhudhurungisha vikonyo, na mnunuzi hutazama vikonyo kwanza.

Fungua boksi la zabibu la kilo 4.5 na utaona vita hivyo. Chini kuna mfuko wa plastiki uliotandazwa, ndani yake vichala vikiwa kwenye vifuko, na juu kabisa karatasi bapa yenye vijisehemu vya unga wa sodiamu metabaisalfaiti. Mvuke wa zabibu unapogusa unga huo, hutoka salfa dioksaidi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inashuka katikati ya vichala na kuua mbegu za ukungu. Karatasi nzuri ina hatua mbili: mfumuko wa siku za mwanzo, kisha utoaji mdogo wa wiki nyingi. Kosa la kawaida ni kufunga zabibu zikiwa na joto au umande. Unyevu unazidi, gesi inatoka yote kwa mkupuo, na punje zinapauka kuanzia pale kikonyo kinapoingilia. Unyevu ukipungua mno, gesi haitoki na ukungu unashinda. Kwa uangalifu huu wote, zabibu nyingi hukaa wiki 8 hadi 12 tu.

Ndiyo maana tufaha husubiri msimu ghalani, na zabibu hulazimika kuhama nchi. Afrika Kusini huanza Novemba kwenye Mto Orange na kumalizia Hex River karibu Aprili. India, hasa Nashik, huvuna Januari hadi Aprili. Misri hupokea zamu kuanzia Mei au Juni. Zabibu za Dodoma huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka kwa vile mzabibu wa huko haupati majira ya baridi ya kulala, ila nyingi huishia kwenye mvinyo.

Safarini, matunda yote mawili hupanda kontena la baridi la futi 40, paleti 20 hivi, likiwa limewekwa karibu nyuzi hasi 0.5. Kontena hilo hutunza baridi. Halikuundwa kupoza mzigo wa moto. Hewa hutoka chini kupitia mifereji ya sakafu, hupanda katikati ya maboksi, na hurudi juu. Paleti iliyopakiwa na joto la shambani itafika nayo, na boksi lililoziba mfereji litawaonea majirani zake. Kwa hiyo Afrika Kusini wakaguzi wa PPECB, bodi ya kusimamia mazao yanayoharibika upesi yanayouzwa nje, iliyoundwa mwaka 1926, hukagua ubora wa mzigo na kupima joto ndani ya tunda lenyewe kabla ya kupakia, na kinasa joto husafiri na mzigo. Mombasa au Dar es Salaam, mwagizaji makini husoma kinasa hicho kabla hajasaini, maana mchoro wa joto unaonyesha saa ambayo kontena lilichomolewa umeme.

Baada ya hapo kaa limefukuliwa. Tufaha likitoka kwenye hewa iliyobanwa hurudia kuiva, na kile kilichofanywa na 1-MCP hupungua kadiri tunda linavyotengeneza vipokeo vipya, yaani nafasi mpya za ethilini kushika. Kwa mnunuzi, ganda halimwambii mengi. Akiweza, alibonyeze karibu na kikonyo, na nyumbani alitie friji, ndani ya mfuko, mbali na parachichi asilotaka liive leo. Zabibu zioshwe wakati wa kuliwa, si kabla ya kuwekwa.