Mtoto Mchanga Anayecheua: Namna ya Kuchanganya Titi na Maziwa ya Kopo

Lalamiko linalosikika mara kwa mara katika kliniki za mama na mtoto hapa Tanga, hasa kutoka kwa wazazi wenye vichanga wa wiki mbili hadi sita, ni la mtoto anayecheua. Akinyonya hucheua, akiongezewa maziwa ya kopo hucheua zaidi, na nyumbani kila mtu ana lake: bibi anasema ni chango, jirani anasema maziwa ya mama ni mepesi, na muuza duka anashauri kopo la aina nyingine. Mzazi ambaye bado yuko ndani ya arobaini yake, amechoka na usingizi haumtoshi, hubadilisha maziwa mara mbili au tatu ndani ya mwezi, na mtoto anaendelea kucheua vilevile. Maelezo haya yamekusudiwa familia ambazo tayari zinachanganya titi na kopo, au zimeshauriwa kufanya hivyo, kwa sababu kwa mtoto wa namna hiyo chanzo cha kucheua kupita kiasi mara nyingi si aina ya maziwa bali ni wingi wake, namna yanavyotayarishwa na mpangilio wa kumlisha.

Ifahamike kwanza kwamba kuchanganya si hatua ya kuanza nayo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ambao Wizara ya Afya ya Tanzania nayo inaufuata, ni kwamba mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee, bila hata maji, hadi atimize miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na kula vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Familia nyingi hukimbilia kopo katika siku tatu za mwanzo kwa kuona dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ni kidogo, ilhali katika saa 24 za kwanza mtoto hupata mililita 2 hadi 10 tu kila anaponyonya, na hizo humtosha. Maziwa mengi huingia kati ya siku ya pili na ya tano. Kupungua uzito kidogo katika siku hizo ni kawaida. Kinachomtia wasiwasi mtaalamu ni mtoto kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, au kufikisha wiki mbili bila kuurudia uzito huo. Hapo, na pia pale mama anapokuwa mgonjwa sana, aliwahi kufanyiwa upasuaji wa matiti, au amejifungua pacha na maziwa bado ni machache, nyongeza inaweza kuwa ya lazima, na mama hana sababu ya kuionea aibu. Nyongeza ya kwanza kufikiriwa ni maziwa yake mwenyewe yaliyokamuliwa. Kopo hufuata yasipotosha.

Mtoto mchanga hucheua kwa sababu msuli unaofunga njia kati ya umio na tumbo bado haujakaza, tumbo lenyewe ni dogo, na chakula chake chote ni cha maji maji huku akiwa amelala muda mwingi wa siku. Hali hii huongezeka hadi kufikia umri wa karibu miezi 4, hupungua mtoto anapoanza kukaa, na wengi huacha kabisa kabla ya mwaka mmoja. Maziwa yanayotoka yanaweza kuwa mabichi au yameganda vipande vidogo. Yote mawili ni sawa. Kwa kuwa hofu kubwa ya wazazi ni kwamba mtoto ametoa yote aliyokunywa, tunawashauri wafanye jaribio dogo nyumbani: mimina kijiko kimoja cha chai cha maziwa, yaani mililita 5, juu ya kanga kavu iliyokunjuliwa, kisha tazama doa linavyoenea. Doa hilo linaweza kufikia upana wa kiganja cha mtu mzima. Kanga iliyolowa begani kwa bibi si kipimo cha njaa. Kipimo ni mizani ya kliniki na nepi: mtoto aliyevuka siku ya tano akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo ukiwa mweupe, na mstari wa uzito kwenye kadi yake ukipanda, anapata chakula cha kutosha hata kama anacheua kila baada ya kunyonya.

Sasa tuje kwenye kuchanganya kwenyewe. Maziwa ya mama hutoka tumboni haraka kuliko maziwa ya kopo, kwa hiyo mtoto aliyepewa kopo hukaa na tumbo lililojaa kwa muda mrefu zaidi, na akinyonyeshwa tena mapema juu ya shibe hiyo, ziada hutafuta njia ya kurudi. Lakini kosa tunaloliona zaidi ni la hesabu. Mtoto anayelishwa kopo pekee, akishavuka wiki ya kwanza, huhitaji takribani mililita 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 3 atahitaji mililita 450 kwa siku nzima, na zikigawanywa kwa milo minane, kila mlo ni mililita 56 hivi. Fikiria basi mtoto huyo amenyonya titi kwa nusu saa, kisha anapewa mililita 90 za kopo kwa sababu jedwali lililochapishwa kwenye kopo linaonyesha hivyo. Jedwali hilo limeandaliwa kwa mtoto asiyenyonya kabisa. Mwenye kilo 3 aliyekwisha kunyonya hana mahali pa kuweka mililita 90, na atakachofanya ni kucheua, kisha atalia kwa tumbo kujaa, na kilio hicho kitasomwa kuwa ni njaa, ataongezewa tena. Mzunguko huu ukikatwa, watoto wengi hupunguza kucheua bila dawa yoyote na bila kubadilishiwa kopo.

Kwa hiyo titi litangulie kila mara, yote mawili, na nyongeza ije baadaye kwa kiasi kidogo, kwa mfano mililita 20 hadi 30, kisha kiasi hicho kiongezwe au kipunguzwe kwa kufuata uzito unaopimwa kliniki, si kwa kufuata kilio cha jioni, ambacho watoto wengi huwa nacho hata wakiwa wameshiba. Mtoto akigeuza uso au kufumba mdomo, mlo umekwisha, hata kama yamebaki. Kutangulia kwa titi kuna faida ya pili: matiti hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa, na kila mlo wa kopo unaochukua nafasi ya titi bila mama kukamua ni taarifa kwa mwili kwamba maziwa hayahitajiki. Kunyonyesha usiku kusiachwe, kwa sababu kichocheo cha kutengeneza maziwa huwa juu zaidi wakati huo. Ushauri unaotolewa kwa nia njema, kwamba usiku mtoto apewe kopo ili mzazi apumzike, ndio unaokausha matiti mengi, nasi hatuuungi mkono isipokuwa mama ni mgonjwa.

Nyongeza yenyewe tunapendelea itolewe kwa kikombe kidogo kisicho na mdomo wala mfuniko badala ya chupa, kwa kuwa kikombe husafishika kwa urahisi na hakimzoeshi mtoto chuchu ya mpira. Mpakate mtoto akiwa ameinuka, karibu kukaa, mkono wako mmoja ukishikilia mgongo na shingo. Gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, kiinamishe hadi maziwa yafike tu kwenye midomo, kisha subiri. Utamwona akitoa ulimi na kuyavuta mwenyewe kidogo kidogo. Usimmiminie. Akisita, acha kikombe palepale bila kukiinamisha zaidi hadi aanze tena. Familia inayotumia chupa ifuate mwendo huohuo wa taratibu, chupa ikishikwa kwa kulazwa karibu usawa, si kwa kuinuliwa juu, na ikiondolewa mdomoni kila baada ya muda mfupi.

Maziwa ya unga ya watoto si tasa; yanaweza kubeba vijidudu hatari kwa kichanga hata kopo likiwa jipya na halijaisha muda. Kwa sababu hiyo yanachanganywa kwa maji yaliyochemka ambayo bado yana joto lisilopungua nyuzi 70, ndipo yapozwe kwa kutumbukiza kikombe kwenye maji baridi. Lita moja ya maji iliyochemka isiachwe zaidi ya nusu saa kabla ya kutumika, na maji ya kikombe kimoja hupoa mapema zaidi ya hapo. Kwa mahitaji ya usiku, chupa ya chai nzuri, iliyosafishwa na kutengwa kwa kazi hiyo pekee, ikijazwa maji yanayochemka hadi juu na kufungwa, huhifadhi joto hilo kwa saa kadhaa. Maji hupimwa kwanza, unga hufuata, kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo hilohilo, kilichosawazishwa kwa kisu safi bila kushindiliwa. Kuzidisha unga ili mtoto ashibe humlemea figo na tumbo, na kuupunguza ili kopo lifike mwisho wa mwezi humdhoofisha na kunaweza kumletea degedege kwa kupungua chumvi mwilini. Tunajua bei ya kopo ilivyo, na familia isiyoweza kuimudu kwa kipimo kamili iseme kliniki waziwazi, maana pana njia za kuongeza maziwa ya mama ambazo hazigharimu kitu. Yaliyobaki baada ya mtoto kula yamwagwe, na yaliyotayarishwa lakini hayajaguswa yasivuke saa 2 nje ya jokofu. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa huvumilia zaidi, hadi saa 4, ila katika miezi ya kaskazi, nyumba ya bati inapopata joto mchana kutwa, ni busara kuyatumia mapema kuliko hapo.

Mkoa wetu una ng'ombe wengi wa maziwa, na maziwa hayo ni mazuri kwa familia nzima isipokuwa kichanga. Maziwa ya ng'ombe yana protini na chumvi nyingi kuliko figo za mtoto mchanga zinavyoweza kuhimili, madini yake ya chuma ni machache, na yanaweza kusababisha utumbo kuvuja damu kidogo kidogo. Kuyachanganya na maji hakuyageuzi kuwa ya kichanga. Vivyo hivyo maziwa ya unga ya chai, hata yakiwa kwenye kopo lenye picha ya kupendeza: kopo la kichanga lazima liwe limeandikwa kwamba ni la tangu kuzaliwa. Unga wa uji usitiwe ndani ya maziwa ili yawe mazito, asali isilambishwe kabla ya mwaka mmoja, na dawa za chango, za kunywa au za kufunga tumboni, zisitumike kwa ajili ya kucheua. Tumbo lililofungwa kitambaa kwa nguvu, au nepi iliyokazwa kitovuni, hubana tumbo na kuyasukuma maziwa juu.

Mengine ni madogo lakini yanasaidia. Mtoto alishwe anapoanza kugeuza kichwa na kulamba mkono, kabla hajafikia kulia, kwani anayelia humeza hewa. Asaidiwe kutoa hewa tumboni anapobadilishwa titi na tena mwishoni, kisha akae wima begani kwa dakika 20 hadi 30 bila kurushwarushwa. Mama ambaye maziwa yake huruka kwa nguvu na kumpalia mtoto anyonyeshe akiwa ameegemea nyuma. Kulala ni chali daima, chini ya chandarua, bila mto. Wazazi wengi huogopa kwamba anayecheua akilazwa chali atapaliwa, na bibi hupendekeza alazwe kifudifudi. Ukweli ni kwamba mtoto akilala chali njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi hayaiendei kirahisi.

Kucheua kusichanganywe na kutapika kwa ugonjwa. Matapishi ya rangi ya kijani yanaweza kumaanisha utumbo umeziba, na mtoto huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku wa manane. Matapishi yanayoruka mbali kwa nguvu baada ya kila mlo, hasa kati ya wiki ya pili na ya nane, huku mtoto akibaki na njaa na kukonda, yanaweza kutokana na kuvimba kwa msuli wa mlango wa kutokea tumboni, tatizo ambalo hutibiwa kwa upasuaji. Damu kwenye matapishi au choo, tumbo kuvimba na kuwa gumu, joto la mwili kufika nyuzi 37.5 au kushuka chini ya 35.5, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kukataa kunyonya, kulegea, degedege, utosi kubonyea na viganja na nyayo kuwa njano, kila moja kati ya hizo inatosha kumtoa mtoto nyumbani hata kama arobaini haijafika. Damu kwenye choo pamoja na vipele vya ngozi vinavyokauka huweza kuwa ishara ya mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, na hiyo ndiyo hali ambayo kubadilisha aina ya kopo huwa na maana, kwa maelekezo ya daktari.

Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI azungumze na mtoa huduma wake wa CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, kabla ya kuanzisha kopo. Ushauri kwake ni kunyonyesha maziwa yake pekee kwa miezi 6 huku akimeza dawa zake bila kukosa na mtoto akipewa dawa za kinga. Ikiwa tayari amechanganya, asiache titi kwa hofu, afike kliniki.

Kwa mama aliyeajiriwa, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Siku 84 zinaishia pale ambapo kucheua kunakaribia kilele chake, kwa hiyo ni vyema kukamua na kuweka akiba kuanze wiki mbili kabla ya kurudi kazini, na atakayebaki na mtoto, awe bibi au dada wa kazi, ajifunze kutumia kikombe mama akiwepo bado nyumbani. Anayetaka kupunguza kopo baada ya maziwa yake kuongezeka aondoe mililita chache katika mlo mmoja kwa siku kadhaa, ampime mtoto, kisha ahamie mlo unaofuata.