Mungu Akinyamaza: Dhana Potofu Zinazowaumiza Wanaongoja

Mtu anaweza kuomba jambo moja mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa saba: mtoto, kazi, mwenzi arudi nyumbani, mzazi apone. Kungoja huko kunauma, lakini wengi wanaoacha kusali hawakuachishwa na kungoja. Waliachishwa na maelezo waliyopewa kanisani, kwenye kikundi cha maombi au sebuleni kwa ndugu kuhusu sababu ya Mungu kunyamaza. Maelezo hayo mengi hayasimami mbele ya Biblia ileile inayotumiwa kuyatetea.

Dhana: Hujajibiwa kwa sababu kuna dhambi umeificha

Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote. Rafiki watatu wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, waliketi chini naye siku saba mchana na usiku bila kusema neno (Ayubu 2:13), na hapo walifanya vyema. Waliharibu walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia kosa. Mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena (42:7). Wanafunzi nao walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Jibu lilikuwa: si yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3).

Hata hivyo tusiende upande wa pili. Maandiko yanakiri kwamba dhambi huweza kuzuia maombi. Isaya 59:2 inasema hivyo, na 1 Petro 3:7 inawaonya waume wasiowaheshimu wake zao kwamba kuomba kwao kutazuiliwa. Kwa hiyo kujichunguza kuna nafasi yake, ila kuwe na mpaka. Tenga jioni moja. Jiulize maswali yanayojibika: nimemdhulumu nani? Deni gani ninalikwepa? Nani ninamwekea kinyongo? Ukipata jambo, litubu kwa jina lake, kisha rekebisha linalorekebishika: rudisha fedha, piga simu uombe radhi. Mkatoliki ana sakramenti ya kitubio. Wengine huenda kwa mchungaji au mzee wa kanisa anayetunza siri. Usipopata kitu, ishia hapo. Tatizo huanza mtu anaporudia zoezi hilo kila juma, akitubu makosa asiyoyajua na ya mababu asiowahi kuwaona, mpaka sala yote inageuka kesi isiyo na hukumu. Hatia inayokuandama bila kukuonyesha kosa lolote haitibiwi kwa toba nyingine. Ipeleke kwa mtu mwenye busara muizungumze.

Dhana: Kulalamika mbele za Mungu ni kukosa imani

Takriban theluthi moja ya Zaburi ni maombolezo. Zaburi ya 13 inaanza hivi: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Katika aya mbili tu swali la "hata lini" linarudi mara nne. Habakuki anafungua kitabu chake kwa kilio hichohicho. Na Yesu msalabani alichukua maneno ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", akayapaza kwa sauti kuu watu wakisikia. Anayedai malalamiko ni uasi itambidi aeleze kwa nini Kanisa limeyatunza maneno haya na kuyaimba karne zote hizi.

Tena angalia malalamiko hayo yanaelekezwa kwa nani. Mtu aliyekata tamaa kabisa na Mungu hamwambii "umenisahau". Anamsengenya kwa wengine, au ananyamaza. Anayelalamika mbele zake bado anamwona ni wa kusemeshwa.

Zaburi ya 13 inafaa kuwa kielelezo kwa sababu ni fupi, aya sita tu, na mpangilio wake unaonekana wazi. Aya ya 1 na 2 ni malalamiko. Aya ya 3 na 4 ni ombi, pamoja na sababu za kuomba. Aya ya 5 na 6 ni tumaini. Chukua karatasi na kalamu uandike yako kwa mpangilio huohuo, dakika kumi na tano zinatosha. Kwenye malalamiko taja jambo lenyewe. "Nimechoka na hali hii" haisemi kitu. "Ni usaili wa sita, na jana wamempa mwingine nafasi" inasema. Kwenye ombi, omba unachokitaka hasa, bila kukipunguza ili kionekane cha unyenyekevu. Kwenye tumaini, andika kile unachoweza kukisema leo bila kudanganya, hata kama ni sentensi moja.

Wengi huharibu hapo mwisho. Wanaruka malalamiko kwa mstari mmoja na kukimbilia sifa, kwa sababu wamezoea kwamba sala lazima iishe kwa shangwe. Zaburi ya 88 haiishi hivyo. Inamaliza ikiwa gizani, bila aya hata moja ya kugeuka, na bado imo ndani ya Biblia kama sala kamili. Siku ambayo huna la tumaini, sali hiyo.

Dhana: Sijisikii chochote nikisali, basi Roho ameniacha

Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997. Barua zake kwa waungamishi wake zilipochapishwa mwaka 2007, watu walishangaa kukuta kwamba kwa karibu miaka hamsini alisali bila kuhisi uwepo wa Mungu, na miaka yote hiyo aliendelea na Misa, na sala, na wagonjwa wake. Yohana wa Msalaba, Mkarmeli wa Hispania wa karne ya 16, aliuandikia ukavu wa namna hii mafundisho marefu, akiuona kuwa sehemu ya safari ya sala. Hisia ni zawadi zinapokuja, ila si kipimo cha kama Mungu yupo.

Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, aliacha kanuni mbili ambazo Mkristo wa dhehebu lolote anaweza kuzitumia. Ya kwanza: wakati wa ukavu usibadilishe uamuzi ulioufanya ukiwa na utulivu. Usivunje uchumba, usihame kanisa, usijiondoe kwaya, usijitoe utawani. Subiri upepo utulie, ndipo uamue. Ya pili: mawazo yakikusukuma ukatishe sala, ongeza kidogo badala ya kupunguza. Kidogo, yaani dakika moja au mbili. Anayeahidi saa tatu kila alfajiri kwa hasira huacha kabla juma halijaisha, kisha anaongeza kushindwa huko kwenye orodha ya ushahidi dhidi yake.

Kinachodumu ni kiasi kinachobebeka. Chagua saa moja isiyobadilika, dakika kumi au kumi na tano, zaburi moja kwa siku kwa kufuata namba. Ziko 150, kwa hiyo utazimaliza katika takriban miezi mitano, na njiani utakutana na furaha na vilio ambavyo hukuvichagua mwenyewe. Maneno yakikauka kabisa, Baba Yetu inatosha. Usipoweza hata hiyo, nenda kwenye jumuiya au ushirika wa nyumba kwa nyumba uketi, wenzako wasali, wewe uitikie amina.

Na uangalie mwili. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akapewa tena (1 Wafalme 19:5-8). Kama kwa majuma mawili au zaidi hupati usingizi, chakula hakishuki, hakuna kinachokupa furaha, au unawaza kujidhuru, hiyo yaweza kuwa sonona, na ina tiba. Wazo la kujidhuru halingoji majuma mawili: mwambie mtu leo na uende hospitali leo.

Dhana: Kuna namna ya kumharakisha Mungu

Hapa tunasema bila kupindisha, kwa sababu watu wanaibiwa. Mtu anayengoja huambiwa apande mbegu ya fedha, anunue maji au mafuta ya upako, aongeze mkesha, aongeze siku za kufunga, na jibu lisipokuja anaambiwa hakutoa kwa imani.

Linganisha na 2 Wafalme 5. Naamani alipotakasika ukoma wake alimsihi Elisha apokee zawadi, Elisha akakataa katakata. Mtumishi wake Gehazi ndiye aliyekimbia nyuma ya gari, akadanganya, akachukua talanta mbili za fedha na mavazi mawili, na ukoma ukamshika yeye. Simoni wa Samaria alipotaka kununua kipawa cha Mungu, Petro alimkemea vikali (Matendo 8:20). Sadaka ni njema, na kanisa linaihitaji. Lakini jibu likiwekewa bei, funga pochi yako. Ada ya mtoto na hela ya dawa si mbegu.

Ukitamkiwa unabii, andika maneno yenyewe na tarehe. Kumbukumbu la Torati 18:22 inatoa kipimo rahisi: neno lisipotimia, BWANA hakulinena, na wala usimwogope huyo aliyelisema. Bila maandishi, unabii wa "mwaka huu utabeba mtoto" hugeuka polepole kuwa "mwaka huu utabeba kitu". Unapongoja neno, kumbuka pia kwamba Yeremia, nabii kweli, alipoombwa awaulizie watu kwa Mungu alikaa siku kumi ndipo neno likamjia (42:7). Anayekuwa na jibu la kila mtu kwenye foleni, papo hapo, anatia shaka.

Kufunga nako kuna adabu yake. Ni kujinyenyekeza na kuipa sala nafasi. Isaya 58 inakataa kufunga kwa kushinikiza. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, vidonda vya tumbo au anayekunywa dawa zinazohitaji chakula asifunge chakula bila kumwona daktari. Anaweza kufunga simu au televisheni. Kufunga bila maji kwa siku kadhaa ni hatari hata kwa mzima.

Mfalme Sauli anaonyesha haraka inaishia wapi. Aliagizwa angoje siku saba, nabii Samweli akachelewa, watu wakatawanyika, akatoa sadaka mwenyewe (1 Samweli 13). Miaka baadaye Mungu hakumjibu kwa ndoto, wala kwa Urimu (kura takatifu ya kuhani), wala kwa manabii, naye akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori mwenye pepo wa utambuzi (28:6-8). Mpaka leo wapo wanaotoka ibadani Jumapili na kupita kwa mganga Jumatatu, kwa njia ileile.

Dhana: Kungoja ni kukaa

Wayahudi waliohamishwa Babeli waliambiwa watangoja miaka 70. Katika barua hiyohiyo waliagizwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, wautakie amani mji waliopo (Yeremia 29:5-10). Watu hunukuu aya ya 11, ile ya mawazo ya amani na tumaini, na kuyaacha maagizo haya.

Kwa wanaongoja mtoto, maana yake ni hii: mkiwa mmejaribu miezi 12 bila kinga na mimba haijatunga, nendeni hospitali wote wawili, mke akiwa amepita miaka 35, msisubiri zaidi ya miezi sita. Mume naye apimwe mapema, kwa sababu sababu za upande wa mwanamume ni nyingi na kipimo chake cha kwanza ni chepesi kuliko vya mke. Kwa wagonjwa: usiache ARV, insulini au dawa za kifua kikuu eti umepokea uponyaji kwa imani. Aliyepona kweli hapotezi kitu akisubiri kipimo cha daktari.

Dhana: Kimya kirefu, basi ahadi imefutwa

Abramu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa (Mwanzo 16:16). Aya inayofuata ana miaka 99. Miaka 13 katikati haina neno lolote lililoandikwa, na Mungu anaporejea kusema anaendeleza ahadi ileile.

Dhana: Ukiomba kwa imani utapata hilohilo

Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe. Akaambiwa, "Neema yangu yakutosha", na mwiba ukabaki (2 Wakorintho 12:8-9). Yesu aliomba kikombe kimwepuke, hakikumwepuka. Waebrania 11:39 inasema waziwazi kwamba mashujaa wote wa imani waliotajwa katika sura hiyo walishuhudiwa kwa imani yao, na hawakuipata ile ahadi wakiwa hai.

Jibu likiwa hapana, kuna maombolezo ya kufanywa. Daudi alifunga siku saba mtoto akiumwa. Mtoto alipokufa akanawa, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa BWANA akasujudu, kisha ndipo akala (2 Samweli 12:20). Wengine hawawezi kufika huko kwa siku moja, wala hawalazimiki.

Wanaomzunguka mtu wa namna hii wana kazi. "Mungu hachelewi wala hawahi" isisemwe kwa aliyetoka kuzika. Nenda na chakula, keti, usitoke na aya siku ya kwanza. Muulize kama anataka jambo lake liendelee kutajwa kwenye maombi ya hadhara au libaki kati yenu. Nawe mchungaji au katekista, Siku ya Mama Duniani usiwaamuru kina mama wasimame wapewe maua huku wengine wamebaki kwenye viti kanisa zima likiwaona. Wabariki wakiwa wameketi wote, na waliofiwa na watoto na wanaowangoja uwataje katika sala hiyohiyo.